Auti, Saidi

Doto tumemzika Jumamosi, na tangu nirudi nyumbani Nyakato nimeshaunguza sufuria mbili. Wajukuu wananong'onezana kwamba bibi ana majonzi. Majonzi ninayo, Doto alikuwa rafiki yangu, lakini si majonzi yanayounguza sufuria. Ni neno moja la Kiingereza. Nilimfundisha Doto neno hilo tulipokuwa wasichana, nikamfundisha vibaya, baadaye nikajua kwamba nimemfundisha vibaya, na nikanyamaza. Sasa ni zaidi ya miaka arobaini. Shule yangu iliishia darasa la nne, basi mkiniona nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia mnivumilie, yai lipo. Habari za nani alinizaa na wapi tuziache. Wazazi wangu hawakuwa na kosa lolote katika jambo hili.

Mwaka huo nilikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya Ilemela, chini ya mawe, karibu na ziwa kiasi kwamba ukimwaga maji ya kuoshea mchele yanafika ziwani kabla hujageuka. Jiko lilikuwa peke yake uani, chumba cha bati chenye mlango mmoja, na nyuma yake jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Jua likizama jiwe lile lilikaa na joto lake kama mkate, na juu yake Doto alianika nguo. Yeye ndiye aliyekuwa mfuaji. Alikuwa wa umri wangu, miaka kumi na tisa hivi, mwembamba, mwenye mdomo. Alikuwa pacha kama jina linavyosema; Kulwa, dada yake, alikuwa ameshaolewa kijijini. Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani, Doto alifulia majani ya mpapai, na shuka zikitoka hapo zina ukijani kidogo. Chakula chetu kilikuwa furu. Vijana wa leo hawawajui furu. Walikuwa samaki wadogo wa ziwa hili, wenye miiba mingi na utamu mwingi, mpaka sangara akawamaliza. Furu na ugali wa muhogo, na siku ya bahati michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Harufu ya furu wakikaangwa naikumbuka kuliko sura ya marehemu mume wangu, na sisemi kwa ubaya.

Mwenye nyumba, yaani aliyepangishiwa na ofisi yake, alikuwa kijana wa Kizungu tuliyemwita Pita. Kazi yake ilikuwa kuchimba visima vijijini. Alikuja na begi moja la nguo na ubao mrefu kuliko kitanda, mweupe, umechongoka mbele, laini kama yai. Mlinzi wetu, Mzee Saidi, mtu wa Mirongo, Mmanyema wa babu na bibi, aliuzunguka mara mbili akatikisa kichwa. "Hili ni jeneza," akasema. "Mzungu kaja na jeneza lake kabisa, ila kifuniko kimebaki Ulaya." Tulicheka. Mzee Saidi alikuwa mtani wetu Wasukuma, na alituambia kila siku kwamba tunacheza na maji kama bata wasio na mwenyewe. Yeye mwenyewe maji aliyajulia kwenye kopo la kutawadhia. Ziwa hakuligusa.

Ule ubao ulikuwa wa kupanda mawimbi. Kwao Pita kuna bahari, na vijana wanalala juu ya mbao hizo kifudifudi, wanasubiri wimbi, likija wanasimama juu yake wanabebwa mpaka ufukweni. Alikuwa na hamu ya kwao kama mwanamke mwenye mimba anavyokuwa na hamu ya udongo. Alijua mawimbi ya ziwa ni mafupi na hayana mpango, alijua maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu vizuri, alikunywa dawa za kichocho, na bado kila Jumapili upepo ukivuma kutoka ziwani alikuwa majini. Lakini alisema mtu haingii peke yake. Alihitaji mwenzake. Na Doto, aliyeogelea kabla ya kujua kutambaa, alikuwa amesimama pale na ndoo ya nguo anaangalia ule ubao kama anavyoangalia mtu mchumba.

Hapo ndipo mimi nilipoingia. Kiswahili cha Pita kilikuwa cha "mimi taka chai." Kiingereza cha Doto hakikuwepo. Mimi nilikuwa nimewahi kupika kwa masista, nikapata Kiingereza cha jikoni: vitunguu, chumvi, kesho, samahani. Ukitoka nacho nje ya jiko kiliisha. Lakini nilikuwa na darasa la nne na Doto alikuwa na la pili, basi mimi ndiye mkalimani. Doto akaanza kuniita Mwalimu. Alianza kwa kunikejeli, na sijui ni siku gani nililizoea, nikaanza kuitika.

Masomo yalifanyika jikoni. Pita alilaza ubao sakafuni kati ya mafiga na gunia la mkaa, Doto akalala juu yake na gauni lake, mimi nikakaa kwenye kigoda namenya viazi na kutafsiri. Neno la kwanza lilikuwa padoli. Ni kuvuta maji kwa mikono, ubao uende. "Kumbe ni kupiga kasia bila kasia," Doto akasema. "Umaskini gani huu?" La pili popapu, kuinuka ghafla kutoka kifudifudi mpaka kusimama. Doto aliinuka mara ya kwanza tu, kama aliyekalia siafu, na Pita akapiga makofi mpaka masizi yakadondoka kwenye viazi vyangu. Halafu kingo za ubao zinaitwa reli. Hilo nililielewa mwenyewe, kama reli ya treni, pale pembeni, na nikajiona nina akili sana. Doto alisema leli, na baada ya wiki mbili Pita naye akawa anasema leli. Mawimbi huja kwa seti. Hilo nalo nikalipata peke yangu: kama seti ya sahani, haiji moja, zinakuja tatu au nne pamoja halafu kunatulia. Pita akasema ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo! Na Doto alipogundulika anasimama mguu wa kulia mbele badala ya wa kushoto, Pita akasema huyo ni gufi. "Gufi ni nini, Mwalimu?" Nikasema ni mtu anayefanya mambo kinyume. "Basi ni wewe," akasema, "unayeweka chumvi kwenye chai."

Lilipofika lile neno, ilikuwa asubuhi, Pita anakunywa uji amesimama. Akasema majini akipiga kelele autisaidi, Doto afanye haraka. Akanyoosha mkono mlangoni, na mlango wa jiko ulielekea ziwani na ulielekea pia uani, sasa utajua ni kipi? Sikumwuliza. Nilishapata reli, nilishapata seti, nikaona na hili ni langu. Nilikuwa nawasikia vijana uwanjani, mpira ukivuka mstari wanapiga kelele auti! Yaani umetoka nje ya uwanja. Uwanja hapa ni maji. Basi nikamwambia Doto: "Akisema autisaidi, toka majini. Njoo nje." Doto akalirudia polepole, akasikia jina la mlinzi wetu ndani yake, na ndio ukawa mwisho wa kulisema sawasawa. Alitoka mbio mpaka kwenye kibanda cha getini ambako yule mzee alikuwa anasinzia. "Auti, Saidi! Auti! Toka nje!" Mzee akashtuka na rungu lake. "Laana hii ya Wasukuma! Natoka niende wapi?" Kuanzia hapo hakuna siku iliyopita bila Saidi kuambiwa auti, na hata yeye alipozoea akawa anajibu kutoka ndani, "Saidi hatoki, ana chai."

Kwa miezi kadhaa tuliishi vizuri. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa pale mwaloni, mitumbwi ilikoshushia samaki, walitusema, nilikuwa nawasikia nikienda kununua samaki. "Yule mfuaji kaolewa na ubao." "Afadhali ubao, haukupigi." Doto alivaa kaptula ya Pita na kufunga kanga kifuani. Niliogopa maji, mpaka leo naogopa, nilikaa kwenye jiwe na sahani ya karanga na kumtafsiria kwa sauti yale Pita aliyosema. Na Doto aliujua ule ubao. Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ubaya wangu umeanzia hapa. Aliposimama juu ya lile wimbi, mikono ameitandaza, mguu wake wa kulia mbele, wale wanawake wa mwaloni waliacha dagaa wakapiga vigelegele. Watu walikuwa wanakuja kumwangalia Doto. Hakuna aliyekuja kuangalia mkalimani. Yeye alikuwa na ziwa zima. Mimi nilikuwa na maneno, labda kumi na mawili kwa jumla, na niliyashika kama mtu anavyoshika funguo za nyumba isiyo yake.

Sasa siku moja katikati ya juma, Doto akiwa kwa fundi cherehani, Pita alikuwa anakula pale pale jikoni, bakuli la furu wenye mchuzi wa nyanya. Sijui aliona nini, akaanza kunieleza mawimbi kwa kijiko. Hapa kwenye ukingo wa bakuli ni mawe. Hapa wimbi linavunjika. Tonge la ugali ndilo Doto. Seti kubwa ikija inavunjika juu ya tonge na kulibamiza ukingoni. Basi tonge lifanye nini? Akalisukuma na kidole, polepole, kuelekea katikati ya bakuli, kwenye mchuzi mzito, likapita juu ya wimbi kabla halijavunjika. "Autisaidi," akasema, akaniangalia kuona kama nimeelewa.

Nilielewa. Kwao nje ni kule ndani. Mtu wa kwetu atalikisiaje hilo? Kwetu katikati ya ziwa ni ndani na nchi kavu ni nje, mvuvi anaingia ndani, akirudi anatoka nje. Mzungu yeye kakaa sijui wapi anaita ndani nje. Masikio yangu yalipata moto kuliko jiko. Nikamwambia Pita yes, yes, nikachukua bakuli nikaliosha. Na nikajiambia nitamwambia Doto akirudi.

Alirudi na gauni jipya, akaingia jikoni anacheka. "Mwalimu, hivi wewe utaingia lini majini? Au utatufundisha ukiwa jiweni mpaka upigwe mvi?" Utani wa kawaida, siku nyingine ningemrushia maganda ya viazi. Siku ile nilifikiri: nikimwambia sasa kwamba hata maneno nimekosea, nitabaki na nini? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa na homa kidogo, nikasema apone. Alhamisi nilisahau, hapana, sikusahau, kwanini nidanganye na Doto yuko udongoni. Alhamisi nilikumbuka na sikusema. Ijumaa na Jumamosi vilevile. Upepo ulikuwa umelala wiki nzima na nikajipa moyo kwamba ziwa limetulia, hakuna haraka.

Jumapili upepo uliamka kabla yetu. Tulipotoka kanisani tayari mawimbi yalikuwa yanapiga mawe na povu linaruka. Pita alikuwa na furaha ya mtoto, alisema hajaona ziwa hivi tangu aje. Kulikuwa na ubao wa pili wakati huo, wa mbao, fundi wa mitumbwi alimchongea, mzito, ndio Pita alioutumia. Doto alipewa ule mweupe. Waliingia. Mimi nikapanda jiwe langu, Mzee Saidi akaja akasimama chini yake ananung'unika, akisema leo hata bata angekaa nyumbani.

Pita alikuwa mbele, mbali. Doto nyuma yake, pale pale penye ukingo wa bakuli. Niliiona ile seti kabla yao kwa sababu nilikuwa juu, mistari mitatu ya giza, moja nyuma ya nyingine, kama sahani kweli. Pita akageuka, akapunga mkono wote kuelekea ndani, akapiga kelele: "Autisaidi! Autisaidi!" Doto alisikia. Najua alisikia kwa sababu alinyanyua kichwa. Lakini aliona mkono wa Pita unaonyesha ndani, na neno alilofundishwa linasema nje, akachanganyikiwa. Akafanya jambo ambalo mwanafunzi hufanya. Aligeuza uso akaniangalia mimi.

Muda ulikuwepo. Watu husema mambo haya hutokea ghafla. Hili halikutokea ghafla. Nilikuwa na nafasi ya kusema "ndani," neno lenyewe ni dogo, mtoto wa mwaka mmoja analisema. Mdomo ulifunguka. Chini yangu Mzee Saidi, kwa mazoea, kwa hofu, sijui, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Auti, Doto! Toka!" Na mimi nikafunga mdomo. Doto akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akageuza ubao, akaanza kupiga padoli kuja kwetu, kwa bidii, mikono inakwenda vizuri kama alivyofundishwa, ananiangalia. Wimbi la kwanza lilimkuta mgongoni. La pili sikuona kitu zaidi ya ubao. La tatu lilimleta kwenye mawe.

Aliyeingia kumtoa ni Mzee Saidi. Pita alikuwa bado mbali, mimi nilikuwa nimekaa. Yule mzee asiyegusa ziwa aliingia na kanzu yake mpaka shingoni, akamshika kwapani, akamvuta, analia, anasoma aya.

Hospitali walifanya walichoweza. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia na miguu haikurudi. Siku ya tatu alipoweza kusema, Pita alikaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine, na kitu kimoja ambacho hakikuwa kimevunjika kati yao kilikuwa mimi, wote wananitazama mdomo. Doto akasema, "Mwambie nilimsikia. Mwambie nilitoka mara ile ile, ila nilichelewa." Nikageuka kwa Pita, nikatafuta Kiingereza changu cha jikoni. Nikasema, aliogopa. Aliogopa akarudi. Pita akafunika uso. Akasema maneno mengi, sikuyaelewa yote, lakini niliyoelewa ni kwamba kosa ni lake, kwamba hakupaswa kumwingiza siku ile, na kwamba angependa kujua kama alimwelewa. Aliuliza mara mbili: alielewa neno? Doto akaniuliza, "Anasemaje?" Nikasema, "Anasema pole."

Ndiyo tafsiri yangu ya mwisho. Sikutafsiri tena kwa mtu yeyote. Pita aliondoka kabla ya masika, amekonda, na sikusikia habari zake. Mzee Saidi aliacha kazi wiki ile ile, akafa miaka mingi baadaye nyumbani kwake Mirongo akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwita Doto kwenye mawe. Nilikwenda kumzika pia. Unaona jinsi nilivyo hodari wa kuzika.

Doto alikaa pale pale Ilemela. Kulwa alipofiwa na mumewe akaja kuishi naye, wakajenga vyumba viwili juu kidogo ya mwalo. Doto alipata baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono, na mikono ilikuwa na nguvu, ile ya padoli. Kila mchana alishuka nayo, akakaa ufukweni anauza vitumbua na kuwatazama watoto wakioga. Nilikuwa nikimtembelea, na kila mara nilimpelekea sabuni. Mche mzima. Sikujua kwanini sabuni, mkono wenyewe ulikuwa unanunua. "Mwalimu," alikuwa akisema, "utanifulisha mpaka lini? Miguu yenyewe haichafuki." Nilicheka naye. Kila nilipopanda gari kwenda kwake nilikuwa na sentensi yangu tayari, Doto, lile neno nilikufundisha kinyume. Kila nilipopanda kurudi nilikuwa nayo bado. Mtu akikuambia muda hurahisisha mambo ya namna hii, mwulize yeye amebeba nini.

Jumamosi msibani wanawake walikuwa wengi, nikapewa nafasi kwenye benchi la barazani. Nilikaa nusu saa nzima nikipapasa ukingo wake bila kuwaza, laini, wa mviringo, kabla kidole changu hakijatambua. Reli. Walikuwa wameukata ule ubao mweupe mkia wake uliovunjikia mawe siku ile, wakaupigilia miguu minne. Kulwa akaja akakaa karibu yangu na kikombe cha chai. Amezeeka sana Kulwa, na ana uso ule ule wa Doto.

"Kabula," akasema, "wewe ndiye uliyekuwepo siku ile. Mimi sikuwahi kuuliza. Hivi ni nini kilitokea? Yeye alikuwa anasema amechelewa tu. Nikimwuliza, amechelewa. Juzi akiwa hoi bado anasema, Kulwa, nilichelewa kidogo tu."

Nilikipokea kile kikombe nikakiweka benchini kati yetu. Nikasema, "Upepo, dada. Ulikuwa upepo." Akaitikia kwa kichwa. Akasema wabeja, ahsante kwa kuwa naye miaka yote. Nikainuka nikasema naenda kujinyoosha mgongo.

Nikashuka mpaka majini. Watoto walikuwa wanaoga, saba au wanane, msiba au si msiba watoto hawaachi ziwa. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ndani na upepo ukaanza kuongezeka. Wimbi moja likaja kubwa kidogo, na msichana mmoja aliyekuwa ukingoni, kama wa miaka minane, akaweka mikono mdomoni. "Auti, Saidi! Auti, Saidi!" Wote wakatoka mbio wakicheka, wakasimama mchangani, wimbi likavunjika mahali walipokuwa. Nikakaa pale pale mchangani.

Yule msichana akanisogelea. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo neno nani kawafundisha?"

"Bibi Doto. Ukilisikia unatoka majini hapo hapo, huulizi."

"Na huyo Saidi ni nani?"

Akanitazama kama watoto wanavyomtazama mtu mzima asiyejua jambo la wazi. "Alikuwa mtu wa zamani. Aliitwa atoke, akachelewa."

"Hakuchelewa," nikamwambia. Ilitoka hivyo, kwa sauti kubwa, baada ya miaka yote. "Sikiliza, mama. Hakuchelewa."

Lakini maji yalikuwa yametulia, na alishakimbia kurudi kwa wenzake.